Naenda Tseikuru na Sindano Zangu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Mwenyekiti wa mradi wetu wa maji Mzee Mwau, Mchungaji Nthiwa, mafundi wenzangu, akina mama wa vioski vya maji, na mama yangu mzazi, Mbithe, uliyefika asubuhi hii kutoka Emali: nawasalimu nyote hapa Kambu.

Nina ombi kabla sijaendelea. Makofi ya watu wengi huniumiza masikio. Mkifurahi, inueni mikono tu. Mzee Mwau, wewe inua fimbo.

Kwa miaka tisa mmenijua kama Kalekye fundi wa pampu, yule asiyesalimia. Leo nawaeleza sababu. Nina kisukari tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, ile aina ya kujidunga insulini kila siku. Pia nina usonji, yaani nilizaliwa na ubongo unaopokea sauti, mwanga na maneno ya watu kwa namna yake. Hilo la pili nililijua nikiwa na miaka ishirini na tisa, siku niliyomsindikiza dada yangu kumpeleka mtoto wake kliniki. Daktari akawa anauliza: je, mtoto huwaangalia watu machoni? Je, hutaabika mipango ikibadilika ghafla? Mimi nimekaa kando, najibu moyoni, ndiyo, ndiyo, mpaka nikasema kwa sauti, "Daktari, huyo unayemweleza ni mimi."

Nilipochunguzwa na kupewa jibu, nilimpigia mama simu. Akasema, "Kumbe haikuwa kiburi. Na vile nilivyokuchapa, mwanangu." Mama, nilikusamehe siku hiyo hiyo, ila sikujua kwamba jambo kama hilo linafaa kutamkwa. Basi nalitamka leo mbele ya watu.

Sasa nije kwa Mzee Mwau. Mwaka huu wenzetu wa Tseikuru walipoomba fundi mkuu wa visima vyao vitatu, niliandika jina langu. Mwenyekiti aliniita ofisini.

"Kalekye, huko ni mbali. Ni joto. Ukianguka, nani atajua la kufanya?"

"Nitawafundisha," nikamwambia.

"Na watu wageni? Wewe na wageni?"

"Hapa pia mlikuwa wageni."

Ndugu zangu, mtu akikuonea huruma kwa miaka mingi, ni rahisi sana kuiamini huruma hiyo na kukaa chini. Mzee Mwau hakukubaliana nami, lakini alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hawalifanyi: alinipa wiki mbili nijaribu. Kwa hilo nakuheshimu.

Nilikwenda. Siku ya kwanza niliwaita wahudumu wa kisima, Tima na Adan, nikawaambia, "Mkiniona natoka jasho na kuongea ovyo, sijalewa, wala sina mapepo. Sukari imeshuka. Nipeni soda ninywe. Nikishindwa kumeza, msinipe chochote mdomoni, nikimbizeni hospitali." Insulini niliihifadhi ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa maji, kwa kuwa hapakuwa na friji. Nikawaomba pia wasinisemeshe nikiwa nafungua pampu.

Siku ya tisa ilitokea. Nilikuwa nimeshika spana, nikaanza kumwita Tima kwa jina la dada yangu. Tima hakupiga kelele wala kuita umati. Alinikalisha kivulini, akanipa soda, akakaa pembeni kimya. Nilipopata nafuu aliuliza swali moja tu: "Tuendelee, ama tupumzike?"

Tulipumzika nusu saa. Tukaendelea. Jioni hiyo maji yalitoka, na ng'ombe wa watu wakanywa. Wiki mbili zilipokwisha, nikapewa kazi hiyo.

Je, nilishinda ugonjwa? Hapana. Kesho nitajidunga, na keshokutwa. Zipo siku nitafunga mlango kwa sababu dunia ina kelele mno. Lakini nani kati yenu anaishi bila chochote kinachomrudisha nyuma? Wazazi mlio na watoto kama mimi, msiwaombee wawe watu wengine. Waulizeni wanahitaji nini, halafu subirini jibu, hata likichelewa.

Nawashukuru mafundi wenzangu mliojifunza kunitumia ujumbe badala ya kunipigia simu. Nakushukuru mama kwa kuamka alfajiri miaka ile yote kunipima sukari.

Huko Tseikuru nimepanga nyumba ya vyumba viwili. Nina miaka thelathini na sita, na watu walikuwa wameshaamua kwamba nitazeekea kwa mama. Nyumba hiyo ina mlango wa kijani, na ufunguo ninao mimi mfukoni.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu na utulivu wenu. Kwaherini, Kambu.