Picha Iliyokatwa kwenye Tovuti

Mbele yangu basini, mtengeneza tovuti wa wizara alikuwa akimlalamikia mwenzake wa masjala. "Tovuti nimeijenga mimi, halafu kwenye picha ya ukurasa wa mbele awekwe yule aliyekuja juzi! Nimemkata. Umebaki mkono wake tu, umeshika mkasi wa kukatia utepe wa uzinduzi."

"Shoga, sera mpya hukuisoma? Tovuti sasa ni kumbukumbu rasmi. Kila ukurasa unahifadhiwa, wa kabla ya kubadilishwa na wa baada."

"Kwa hiyo atakaa humo milele?"

"Yeye, na mkono wake, na jina lako wewe uliyemkata."

Wivu nimeuona mwingi, lakini wa kuhifadhiwa na serikali, huo ulikuwa wa kwanza. Basi liliposimama, mtengeneza tovuti akauliza kwa sauti ndogo, "Hilo jina langu, liko juu ya lake au chini?"