Uso wa Mwezi wa Sita

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne. Mlango wa nyumba ndogo iliyo nyuma ya chumba cha kufulia umefungwa kwa ndani. Taa ya jikoni inawaka, ingawa jua limeshatoka. Mfuaji wa hospitali, ambaye kila Jumanne huja kuchukua mashuka ya mwenye nyumba, anabisha mara tatu. Anasubiri. Anabisha tena. Kisha anaweka beseni chini na kwenda kumwita askari wa lango.

Wasikilizaji wapendwa, saa mbili kasoro robo daktari wa zamu alithibitisha kifo. Aliyefariki ni daktari wa misheni, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, aliyewatibu wanawake katika hospitali hiyo kwa miaka thelathini na saba. Moyo ulisimama akiwa ameketi kitini, ndara moja mguuni, nyingine chini ya meza. Narudia: umri miaka sabini na mmoja, kazi miaka thelathini na saba. Wagonjwa walimwita Mama Uzi.

Sehemu kubwa ya mtakayoyasikia imetoka kwa yule mfuaji. Tuliwahoji watu kumi na mmoja, na kumi walitupa sifa. Yeye alitupa tarehe. Ametuomba tusimtaje jina, na sababu yake mtaisikia.

Mama Uzi alizaliwa ng'ambo, binti wa mshona mapazia. Binti wa kaka yake alituambia hivi kwa simu: "Shangazi alijua kukunja pindo kabla hajajua kusoma. Bibi alikuwa akifumua kila mshono uliopinda, hata ule ambao mteja asingeuona kamwe." Alisoma udaktari, akajitolea kwa shirika la misheni, na akiwa na miaka thelathini na minne akashuka kwenye gari la hospitali na masanduku mawili, la vitabu na la vifaa vya upasuaji. La nguo lilipotea njiani. Wiki ya kwanza alifanya kazi na gauni la muuguzi mkuu, ambaye alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima. Wagonjwa walicheka hadi wakashika mishono.

Kazi yake ilikuwa hii. Mwanamke anapokaa na uchungu wa kuzaa siku mbili, siku tatu, bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za ndani mpaka zinakufa na kuacha tundu. Mtoto mara nyingi hufa. Mama hubaki akitokwa na mkojo mchana na usiku, bila uwezo wa kujizuia. Ugonjwa huo ni fistula. Matundu hayo ndiyo aliyoyashona. Kabla ya kila upasuaji alisali sala ya maneno manne: "Bwana, shika mkono huu."

Mfuaji alifika pale miaka ishirini na saba iliyopita, akiwa na miaka kumi na tisa. Hakuja kufua, alikuja akiwa mgonjwa. Siku tatu za uchungu, mtoto mfu, na mume wa kwanza aliyemrudisha kwao pamoja na godoro lake. Siku aliyofika alikalishwa kwenye benchi nje ya wodi. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao kikubwa chenye jina la wodi. Gauni lilikuwa limelowa, na chini ya benchi palikuwa na dimbwi. Mama Uzi akatoka na kamera.

"Picha ya nini, Mama?"

"Ya faili, mwanangu. Nikumbuke ulivyokuja."

"Nani ataiona?"

"Mimi na faili."

Alikubali. Shikeni hilo, wasikilizaji: aliulizwa kuhusu faili, akakubali kuhusu faili.

Alipasuliwa mara mbili. Baada ya miezi minne alitoka mkavu. Hakurudi kijijini. Alikwenda kwa mama yake mdogo, katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa gari, akawaambia majirani kwamba alikuwa mji mwingine akifanya kazi za ndani. Mwaka mmoja na nusu baadaye akaolewa na fundi seremala. "Mtu mpole," anasema. "Haulizi sana. Na mimi nilimpenda kwa kutouliza kwake."

Sasa turudi kwenye picha. Mwezi ule ule ilipopigwa, Mama Uzi aliyaandikia barua makanisa yaliyokuwa yakimsaidia. Alitaka waone, si kusikia tu. Akatia picha ndani ya bahasha, na nakala moja ikaenda makao makuu ya shirika. Mwenye uso hakuulizwa. Binti wa kaka yake anakumbuka: "Ilikaa mezani kwetu. Tulilia wote. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama yule dada anajua kwamba tunamtazama."

Baada ya miaka mitano makao makuu ya shirika yalichapisha kalenda. Nakala sitini zilifika hospitali, zikiwa zimepangwa katikati ya maboksi ya glavu. Katibu wa hospitali alizigawa mwezi wa kwanza: shuleni, kwa kinyozi, posta, kwa watu waliowahi kuisaidia hospitali. Dereva alimpelekea moja muuza mbao aliyewauzia mbao za paa. Muuza mbao huyo alikuwa katika mji ule ule wa seremala. Seremala alikuwa mteja wake.

Kalenda ilining'inia pale miezi mitano bila neno. Mwezi wa kwanza ulikuwa na picha ya kanisa. Wa pili, watoto wa shule. Tarehe mosi ya mwezi wa sita, asubuhi, muuza mbao alifunua ukurasa. Ilikuwa picha ya msichana kwenye benchi, kibao juu, dimbwi chini. Kabla ya saa sita seremala aliingia kununua mbao za kitanda.

Alifika nyumbani na ukurasa umekunjwa mfukoni. Akaukunjua mezani, kando ya sahani ya mkewe.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Miaka mitatu ya ndoa."

"Miaka mitatu," mkewe akajibu.

Hakumpiga. Alikwenda kuita ndugu. Vikao vilichukua siku nne. Mama mkwe alitaka kujua kama ugonjwa unaambukiza. Wifi aliketi mlangoni akichambua kucha zake. "Kumbe mwezi wa sita una mwenyewe! Sasa sisi wengine tutazaliwa mwezi gani?" Watu wakacheka. Seremala hakucheka, lakini hakumnyamazisha dada yake. Siku ya tano mke aliondoka na begi moja. Seremala alioa tena mwaka uliofuata. Tulipomtafuta, alisema hana la kusema.

Begi lile liliingia lango la hospitali tarehe tano, saa kumi jioni. Mama Uzi alikuwa ofisini. Ukutani, hatua moja kutoka kiti chake, ilining'inia kalenda ile ile. Ukurasa wa mwezi wa sita ulikuwa umeshachanwa.

"Karibu, mwanangu..."

"Usiniite mwanangu. Mwana hatundikwi ukutani."

Daktari akasimama.

"Ulisema ni ya faili."

"Nilisema."

"Kalenda unayo humu tangu mwaka uanze. Hukufunua mbele?"

"Sikufunua."

"Hata siku moja?"

"Sikufunua. Niliona tarehe mosi, kama wengine."

Hilo, wasikilizaji, hatuwezi kulithibitisha. Tunajua kwamba alilisema, na kwamba mfuaji hajawahi kuliamini.

"Leo tarehe tano. Siku zote hizi ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naandika barua makao makuu."

"Makao makuu ndiyo yaliyoolewa na seremala?"

"Nimekosa," daktari alisema. "Uliomba kabla ya kunikata," mgeni wake akamwambia. "Kabla ya kutia picha kwenye bahasha hukuomba?"

Kesho yake Mama Uzi alianza kuzikusanya kalenda. Alichukua orodha ya katibu na kwenda mlango kwa mlango, siku za kazi baada ya upasuaji, Jumamosi kutwa. Watu hawakutaka kuachia. Mwaka ulikuwa katikati na kila mtu alikuwa na sababu yake. Karani wa posta alimwambia, "Daktari, ukichukua hii, mimi barua nitazipiga mhuri wa tarehe gani?" Ndipo akaanza kutengeneza kalenda kwa mkono. Mistari kwa rula, tarehe kwa wino wa bluu, Jumapili kwa wino mwekundu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na mbili. Kinyozi aliigeuza ya kwake mbele na nyuma.

"Mama, hii yako haina picha."

"Haina."

"Sasa mteja akikaa hapa atatazama nini?"

"Tarehe."

"Basi nitakuwa kinyozi wa kwanza mwenye wateja wanaojua tarehe."

Aliipokea. Kati ya kalenda sitini, Mama Uzi alikusanya hamsini na tatu. Saba hazikupatikana. Zile alizozipata alizichoma zote nyuma ya jiko la hospitali, na mwenye uso alisimama pale akihesabu.

Kazi ya kufua alipewa mwezi ule. Hakuiomba. Alikuwa hana pa kwenda. Lakini baada ya miaka miwili mama yake mdogo alimwita, nafasi ipo, chumba kipo, na hakwenda. Tulimuuliza kwa nini. Alijibu bila kusita: "Nilitaka anione kila siku."

Akamwona kila siku, kwa miaka ishirini na miwili. Wauguzi walimpachika jina Bosi, maana shuka halitoki bila ruhusa yake. Jumanne alichukua mashuka ya daktari, Ijumaa akayarudisha. Walikunywa chai pamoja, mara nyingi bila maneno. Daktari hakumwita tena mwanangu. Alimwita dada.

Msamaha aliombwa mara moja tu. Ilikuwa mwaka wa pili, mchana, mezani pa kupigia pasi.

"Dada, unaweza kunisamehe?"

"Nikikusamehe wewe utalala. Mimi je?"

"Haya," alisema daktari. Hakuuliza tena.

Kuna jambo jingine, na haki inatutaka tuliseme. Tangu mwezi ule Mama Uzi alikataa picha yoyote ya mgonjwa itoke wodini. Shirika lilimwandikia kwamba pasipo picha hakuna wafadhili. Alijibu kwa sentensi moja, kwamba ameelewa. Tumeliona daftari la chumba cha upasuaji. Mwaka kabla ya kalenda, wanawake mia moja na arobaini walishonwa. Miaka miwili baada yake, hamsini na wanane. Madaktari wa kumsaidia hawakuletwa tena, uzi ulichelewa, wanawake walipewa tarehe za mbali na wengine hawakuonekana tena. Tofauti ni wanawake themanini na wawili kwa mwaka. Katibu alikwenda kumwambia mfuaji hesabu hiyo, pale pale kwenye mapipa ya maji.

"Wanawake themanini na wawili wanarudi kwao wamelowa, kwa ajili ya uso wako."

"Basi wapelekee wako," akajibu, na kuendelea kusuuza.

Lakini alituambia kwamba namba hiyo hajaisahau. "Naifua kila siku," alisema. "Haitoki." Tulimuuliza kama anamlaumu daktari kwa hao pia. "Alikosea mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza aliwapa uso wangu bila kuniuliza. Mara ya pili akawanyima wenzangu matibabu, pia bila kuniuliza. Angekuja tu. Angekaa hapa aseme, dada, mambo ni haya, tufanyeje? Huenda ningesema hapana. Lakini angeniuliza."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Uzi alishona wanawake zaidi ya elfu tatu. Hilo limethibitishwa. Aliivunja ahadi yake kwa mmoja. Hilo nalo limethibitishwa. Hatukuja hapa kupima lipi ni zito. Tunaipa pole familia yake ng'ambo, hasa binti wa kaka yake, ambaye alisoma tafsiri ya maelezo haya yote kabla hatujayatangaza na kutuambia, "Msiondoe kitu." Tunawapa pole wauguzi, madaktari aliowafundisha, na wanawake walio wodini asubuhi ya leo. Na kwako unayesikiliza: simu yako ina picha za watu. Wagonjwa uliowatembelea, jirani aliyeunguliwa nyumba, mtoto wa mtu mwenye njaa. Zitazame leo. Ulimwambia mwenye uso kwamba ni za nini? Na ulipozituma, ulirudi kumuuliza?

Mazishi yalifanyika Ijumaa, saa saba mchana, nyuma ya kanisa la hospitali. Tulikuwepo. Kiongozi wa shirika alisafiri kutoka makao makuu na kuhutubia kwa dakika kumi na tisa. Karibu na mwisho alisema kwamba marehemu ameondoka akiwa amesamehewa na wote aliowahi kuwakosea.

Safu ya tatu, mfuaji aliinua mkono, kama mtu anavyoinua kikaoni. Katibu akamvuta kanga. Hakuushusha mkono. Kiongozi aliikatiza hotuba, akatazama huku na huku, kisha akampa nafasi kwa ishara ya kichwa.

"Mimi bado," alisema.

Binti wa kaka wa marehemu, aliyekuwa amesafiri kutoka ng'ambo na hajui Kiswahili, akamuuliza muuguzi mkuu wa sasa yule mama amesema nini. Akafasiriwa. Akasogea hatua moja pembeni, akampisha kaburini, na kumpa koleo. Mfuaji akalipokea. Akatia udongo mara tatu, akampa aliyekuwa nyuma yake.