Historia ya Marehemu Machibya Shimba, Mwalimu wa Karate Aliyeomba Kupigwa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi naitwa Malimi, mtoto wa baba yake mdogo marehemu, na ukoo umenipa kusoma historia hii kwa sababu kila kilichomo nimekishuhudia mwenyewe kwa macho haya mawili, tangu kuzaliwa kwake mpaka kukata roho, na anayetaka kujua nilishuhudiaje kuzaliwa kwa mtu aliyenizidi miaka minne aniulize baada ya mazishi, si sasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 hapa hapa Kisesa, mtoto wa tatu wa mzee Shimba na mama Ng'washi, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969 alipomaliza darasa la saba, mimi niliishia la nne, lakini akili tulikuwa tunalingana. Mwaka 1974 aliajiriwa kiwanda cha nguo Mwanza mjini, na huko fundi mmoja mgeni aliyekuja kufunga mitambo akamfundisha karate jioni baada ya kazi, mpaka akamvisha mkanda mweusi kabla ya kurudi kwao mwaka 1979. Mwaka 1993 kiwanda kilipunguza wafanyakazi, naye akiwamo, wengi wakarudi kulima pamba, yeye akakodi ghala Buzuruga karibu na stendi akafungua darasa, na kwa kuwa vibanda vya video vilikuwa vimeota kila mtaa na kila kijana anataka kuruka kama wale wa kwenye video, ghala lilijaa mpaka wengine wakajifunzia dirishani. Walipiga ngumi hewani kwa mpangilio, wakageuka wote kama mtu mmoja, wakavunja vigae kwa viganja, lakini kumpiga mwenzako kweli ilikuwa mwiko, ngumi ilisimama kabla ya kugusa pua.

Wakati huo bondia mmoja wa Shirati, huyu bwana Okech aliyekaa pale mbele, alikuwa akifundisha vijana ngumi upande wa mjini, karibu na kivuko cha kwenda Kamanga, na kila wakikutana alimtania marehemu, "Mwalimu, ngoma yako nzuri sana, lini utaanza kupigana?", naye marehemu anamjibu, "Omera, ndugu yangu, nyinyi mnapigana kwa sababu kucheza hamjui." Utani ukakua, wakapatana kushindana hapa uwanjani tarehe 7 Julai 1994, na wazee wakaamua iwe kwa sheria ya ngoma zetu, kila upande unaonyesha mambo yake kwenye kona yake kwa wakati mmoja, anayevuta watu wengi ndiye mshindi, na Okech akakubali kwa kuwa alikuwa hajatujua Wasukuma. Vijana wake walivaa glovu wakatwangana kweli, wakakumbatiana, wakatoka damu puani, kazi ya kuchosha hata kuitazama, na upande wa pili marehemu akaruka baiskeli zilizopangwa, akavunja vigae huku filimbi zinalia, uwanja wote ukahamia kwake, tukambeba mabegani, mimi nilishika mguu wa kulia.

Haukupita mwezi, mwanafunzi wake mpendwa, Chenge, alimwona kibaka stendi ya Buzuruga anamnyang'anya mama kikapu cha sato, akamsimamia mbele, akaanza kwa kuinama kutoa heshima kama alivyofundishwa, na hakumaliza kuinama, taya likavunjika. Mama yake akaja ghalani, hakupiga kelele, alimuuliza marehemu mbele ya wanafunzi, "Mwalimu, muda wote huo mlikuwa mnajifunza nini?", na marehemu akafunga ghala, akawa hali chakula vizuri, maana kama alichojifunza miaka yote hiyo si kitu, basi na yeye alikuwa nani.

Asubuhi moja akaondoka kwa miguu hadi kwa Okech, nami nyuma yake, akamwambia, "Nipige." Okech akadhani utani, akauliza, "Nikupige wapi?", akajibiwa, "Popote, ila usiniambie." Marehemu akasimama imara kama tulivyozoea kumwona, mguu mbele, ngumi kiunoni, na ile ngumi ya kushoto hakuiona ikitoka wala ikirudi, akalala chini, halafu akainuka peke yake kama simba, vumbi halijatua, akasema, "Haya, sasa nifundishe."

Kuanzia hapo karate na ngumi zikakaa ghala moja, vijana wakavaa glovu, wakapigana na mtu anayerudisha, lakini marehemu hakuitupa ile mipangilio ya zamani, alisema inafundisha pumzi na subira, na hata Okech aliwalazimisha vijana wake kuinama, wakaacha kupigana vilabuni. Chenge alipona, na mwaka 1997 akawa bingwa wa mkoa, leo ndiye aliyeshika jeneza kwa mbele.

Tarehe 20 Januari 1996 marehemu alifunga ndoa Shirati na dada yake Okech, Suzana Agutu, wakajaliwa watoto wawili, Wilhelmina, ambaye ana miaka miwili na anakunja ngumi vizuri kuliko mimi, na Nestory, anayenyonya. Mwezi wa pili mwaka huu wa 1999 alianza kuvimba miguu, ikaonekana ni figo, akalazwa Bugando, na tarehe 9 Juni alfajiri alituacha, akiwa na miaka arobaini na minne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Buzuruga waliokesha nasi, wenzake wa kiwandani, na wanafunzi wote, mliovaa mikanda na mliobeba glovu, ghala halifungwi, Chenge na Okech wanaanza Jumatatu.

Nilikuwa nimalize hapo, ila shemeji Suzana ananitazama, na marehemu mwenyewe hakupenda ngumi ya uongo, kwa hiyo niseme kwamba pale pa kuinuka kama simba nilipatunga mimi, ukweli alilala mpaka vumbi likatua, akafika binti wa watu na kopo la maji, akamkamata mkono akamwinua, na mkono ule hakuuachia tena.

Kaka Machibya, kunjua ngumi sasa, upumzike.