Mjomba Hodi na Milango Mia Nne na Kumi na Mbili

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Mjomba Hodi anakabidhi funguo za chumba cha ramani cha ofisi yetu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Funguo zenyewe ni mbili, na mmoja hakuna ajuaye unafungua nini. Amesema tusiutupe.

Alianza na penseli na kifutio, akichora nyumba kwenye karatasi pana kama shuka. Zikaja kompyuta, akajifunza. Kisha ikaja ramani ya mtandaoni, ambayo mkazi yeyote anaweza kuirekebisha, na hapo ndipo alipopata jina. Kila miezi mitatu ofisi ya anwani hututumia orodha mpya tuiingize kwenye ramani hiyo. Orodha huweka namba ya nyumba katikati ya kiwanja. Mkazi huisogeza hadi mlangoni, pale atakaposimama mkunga au mleta mizigo. Mjomba hakukubali orodha ifute kazi ya mkazi kabla hajamwandikia: "Hodi, wa namba 14! Orodha inasema hivi, wewe umesema vile. Tushike lipi?" Asipojibiwa, alichukua mwavuli akaenda mwenyewe. Tulimcheka sana.

Miaka mitatu iliyopita, mimi ninayeandika haya nilirudi kutoka likizo ya uzazi, macho mekundu, nimeacha nyumbani mtoto anayeota meno. Orodha mpya ilipofika, nikabonyeza "kubali zote". Milango 412 ikarudi katikati ya viwanja, mingine juu ya matangi ya maji. Mshonaji mmoja, aliyekuwa amezunguka mitaa sita kwa miguu, simu mkononi, akatuandikia mstari mmoja: "Basi kaeni na ramani yenu." Akaacha. Na katika mitaa ile hatukuwa na jicho jingine.

Mjomba hakunifokea. Kwa siku nne alirudisha mlango mmoja mmoja kutoka kwenye kumbukumbu za mabadiliko, maana wakazi wengine walishaanza kurekebisha upya, naye hakutaka kuwafutia tena. Nilimwomba aandike jina langu kwenye taarifa ya kosa hilo kwa mkuu wetu. Akasema taarifa imeshaondoka. Ilikuwa bado mezani kwake, chini ya kikombe.

Kisha tukaenda kwa mshonaji. Alituacha tumesimama mpaka akamaliza pindo la gauni. Mjomba akaomba radhi, akaeleza kosa lote bila kulipamba. Mama yule akanitazama juu hadi chini, akasema: "Nitarudi, Mjomba. Lakini huyu mpeleke akalale kwanza." Nililala saa nzima kwenye kiti cha ofisi, Mjomba akinipokelea simu.

Tangu hapo hakuna anayemcheka. Mlango ulioguswa na mkazi haubadilishwi kabla ya kuulizwa, na mimi, hata niwe hoi kiasi gani, sibonyezi "kubali zote".

Mlango mmoja tu aliusahau: wake. Miaka yote orodha imemweka kimakosa uani kwa jirani, naye hakupata nafasi ya kujisogeza. Jana mshonaji kamsogeza, hatua tisa, hadi kwenye geti la kijani. Jumatatu inakuja orodha mpya, ya kwanza bila yeye, na itataka kumrudisha kwa jirani.

Mjomba, asante kwa uvumilivu, na kwa ile saa moja ya usingizi. Tunakuombea afya, miguu yenye nguvu na mchana mrefu usio na orodha. Ila Jumatatu usizime simu. Hatutaugusa mlango wako kabla ya kupiga hodi.