Historia ya Mama Pasipoti, Aliyelipiga Jua Picha

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, historia hii inasomwa na mdogo wa mwisho wa marehemu kwa niaba ya familia, na kabla hajaanza inafaa mjue kwamba kikao cha familia kilichokaa juzi kiliagiza habari za jua zisitajwe mbele za watu, eti zinatia aibu, lakini mume wa marehemu, ambaye hakuna aliyefiwa kumzidi yeye, asubuhi hii amesema zisomwe zote, kwa hiyo atakayeona aibu aione akiwa amekaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi wa breki na mama mshona nguo, akaanza shule ya msingi Januari 1965 na kuimaliza mwaka 1971, kisha akasoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, ambako alifaulu hesabu na, kwa maneno ya mwalimu mkuu, akafeli utii, kwa kuwa hakukubali jambo lolote mpaka alione kwa macho yake, tabia ambayo baba alijaribu kuitoa kwa ukali na mama kwa upole, na wote wawili wakanyoosha mikono.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika studio ya picha iliyokuwa juu ya duka la viatu, akaanza kwa kusafisha picha katika chumba cha giza, mikono ikinuka dawa hata siku za mapumziko, na mwaka 1984 tajiri wake alipozeeka akamwachia studio, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Pasipoti, maana karibu kila mtu aliye hapa leo amewahi kukaa kwenye kigoda chake mbele ya lile pazia jeupe, akaambiwa inua kidevu, usicheke, tazama mbele, na aliyecheka alirudi mwisho wa foleni hata kama ni shemeji yake.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980 na fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole ambaye kelele zake zote huziacha kazini, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa 1982, ambaye ni dereva wa malori, na wa kike aliyezaliwa 1986, ambaye ni muuguzi, pamoja na wajukuu watano.

Sasa tuje kwenye jua. Yule tajiri wake alikuwa na msemo kwamba jua halipigwi picha, jua ndilo linalopiga picha, sisi kazi yetu ni kulifungulia mlango, na marehemu aliubeba msemo huo kama mtu aliyetukaniwa mama, mpaka mwaka 1989 alipoamua kulisogelea jua kwa vitu vilivyokuwa karibu naye, yaani bomba la plastiki la maji machafu alilolipaka rangi nyeusi kwa ndani, mguu wa cherehani ya mama yetu, kioo cheusi cha kuchomelea cha mumewe, kamera kuukuu ya studio, na lenzi moja ya miwani ya kusomea ya baba mkwe, ambaye kwa miezi kadhaa alisoma gazeti kwa jicho moja bila mtu kumwambia lenzi ya pili imekwenda wapi.

Alipokosea alikosea vibaya, na hatutaificha, kwa sababu kile kioo cheusi alikifunga nyuma ya bomba, karibu na jicho, mahali ambapo lenzi ilikuwa imekwisha kulikusanya joto lote, na mchana wa tarehe 19 Agosti 1990 kioo kikapasuka akiwa anachungulia, jicho lake la kushoto likabaki na doa katikati mpaka siku anatuaga. Alilia sana siku ile, mumewe akalirusha bomba nje ya ukuta na kuapa kwamba hataligusa tena maishani, daktari wa macho akamwambia aache, baba mdogo akasema sikio la kufa halisikii dawa, na marehemu, jicho likiwa bado na bandeji, akawajibu wote kwamba jua halina kosa, kosa ni la kioo kukaa upande usiostahili, akatoka akaliokota bomba lake.

Kioo alikihamishia mbele, jua likapunguzwa ukali kabla halijaingia, na tangu hapo hakulichungulia tena, alilenga kwa kutazama kivuli cha bomba ardhini, akilisogeza polepole mpaka kile kivuli kirefu kifupike na kubaki duara tu, hapo akajua bomba limelikabili jua uso kwa uso, akabonyeza. Ofisi ya mtaa ilimwita mara mbili kumuuliza kuhusu mzinga uliokuwa juu ya paa, na mara zote mbili alikwenda nao begani.

Kufikia Machi 2001 bomba lilikuwa na urefu wa mita mbili, akapata picha ya jua likiwa na madoa meusi, akaitundika studio, na wateja wakamwambia huo ni uchafu wa lenzi, basi hakubishana nao, aliosha lenzi kwa sabuni, akalipiga jua picha kila asubuhi kwa wiki nzima, akazipanga zote ukutani, na kila mtu akaona madoa yakihama kutoka ukingo mmoja kuelekea wa pili, naye akasema uchafu hautembei, haya, anayefuata akae.

Mwezi Mei 2017 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu hospitalini, na wapo kati yenu mnaonong'ona kwamba jua ndilo lililomuua, sasa sikieni mara moja tu, madaktari wamesema ni figo, na familia inasema ni figo, jua lilimdai jicho moja na deni hilo walikwisha kulimaliza wenyewe.

Januari 2018 alitoa mkanda wa mwisho wa filamu aliokuwa ameuhifadhi kwenye friji kando ya nyanya, akamwomba mumewe amsaidie, na mume yule aliyeapa akalibeba bomba mpaka mwisho wa uwanja wa mpira, akaketi akikitazama kivuli, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kamera, huku marehemu, dhidi ya ushauri wa watoto wake wote wawili, akizipanda ngazi za kinu cha unga kilichofungwa, akipumzika kila kona, mpaka akasimama juu ya paa jua linapochomoza nyuma yake. Mkanda aliusafisha mwenyewe, ameketi kwenye kiti, na alipoiona picha alimwambia mumewe kwamba anaweza kumwajiri.

Alifariki tarehe 3 Juni 2018, saa nne asubuhi, wodini, jua likiwa limemfika kitandani, na mumewe alipotaka kuvuta pazia alimkataza kwa mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomwazima paa na hata waliolalamika, wapiga picha wenzake waliomtafutia filamu zilipoadimika, na daktari wa macho, ambaye baada ya kumgombeza miaka yote alikuja studio kununua picha ya madoa.

Mwisho, kikao kilichagua picha ya kitambulisho iwekwe juu ya jeneza, ile yenye macho nusu yamefumba, iliyopigwa na mtu ambaye marehemu alisema asingemwamini hata na kigoda, na mumewe ameiondoa asubuhi hii na kuweka nyingine, ndiyo maana baadhi yenu mnaulizana mbona hatumwoni. Mtakapopita kuaga, sogeeni karibu. Lile duara ni jua. Yule mtu mweusi kama kivuli aliyesimama kiubavu katikati yake, mikono kiunoni, ni yeye, na kidevu chake kinaonekana vizuri kabisa.

Pumzika kwa amani, dada. Usikishushe.