Kesi ya Kelele Pale kwa Wakonyo

Benchi yetu iko Kiganjo, imeegemea ukuta wa posho mill ya Wakonyo, anakosagia watu mahindi, na ng'ambo ya barabara kuna ghorofa mpya iliyojaa wapangaji wenye malalamiko. Tunaokaa hapo ni wanne. Supreme, jina lake Nicanor, aliwahi kuwa shahidi katika kesi ya shamba, na tangu hapo hakuna sheria asiyoijua. Fulstop ni mwalimu Gerishon, amestaafu darasani lakini si mdomoni. Spika ni Oluoch, muuza viatu vya mtumba, ambaye akikusalimu unadhani umemkanyaga. Wa nne ni mimi, kinyozi. Jumanne hiyo Wakonyo alishuka kutoka kwa wakili wake akiwa na barua mkononi: ile amri ya kumfungia mashine kwa sababu ya kelele imefutwa! Miezi mitano mama huyu hakulala vizuri, maana mashine hiyo ndiyo imemlelea watoto watatu na bado mmoja yuko chuo, Juja. Alituletea birika zima la kahawa, akalia kidogo, akacheka, na sisi tukafurahi kama tuliokuwa tumeshtakiwa ni sisi.

— Si niliwaambia? alisema Supreme. Hiyo kesi haikuwa na kichwa wala miguu.

— Wewe uliniambia niuze mashine nirudi shamba, alisema Wakonyo.

— Nilikuwa nakupima roho, mama.

— Wachana na huyo, Spika akadakia, na mtu wa boda boda akageuka kuangalia ni nani anapigwa. Imewaangusha ni ile kamashine yao ya kupimia kelele. Betri ilikuwa imekwisha! Niliona ofisa akiigonga na mkono.

— Si betri, akasema Fulstop. Ni mwenye ghorofa. Huyo alikuwa anataka hii ploti ajenge ingine, loya akamshtukia. Hiyo ndiyo sababu, fulstop. Tena si hii ploti peke yake, anataka mpaka kanisa, mpaka kwa kinyozi...

— Kwangu? nikauliza.

— Kwako ndio choo itakuwa.

Niliudhika, sikatai. Nikawaambia basi wajue kwamba yule ofisa nilimnyoa mimi, na nilipofika kwenye kisogo nilimweleza Wakonyo ni mtu wa aina gani. Mtu akiwa na wembe shingoni anasikiliza vizuri sana.

— Ati kinyozi ndiye ameshinda kesi! Spika akaruka juu. Ngojeni niwaambie ukweli. Hiyo mashine iko na miaka kumi na sita. Inamjua mwenyewe. Siku wale watu wa kupima kelele walikuja, si ilisaga pole pole? Ilijikaza!

— Atiriri, sikizeni, ati mashine imejikaza, alisema Supreme. Wacheni utoto. Loya Emmaculate alipeleka unga mbele ya wale majaji, kilo mbili, wakauangalia hivi, wakakumbuka nyumbani. Nani atafunga ugali Kenya hii?

— Hakuna unga ulipelekwa, Wakonyo akasema. Mimi nilikuwa hapo.

— Hungeona. Ulikuwa umefunga macho unaomba.

Hapo ndipo mambo yalipochemka. Fulstop alisema majaji hawali ugali, wanakula wali. Spika akapanda juu ya benchi ili asikike, kana kwamba kuna mtu mtaa wa pili, Ngoingwa, alikuwa bado hajamsikia. Supreme alipiga ukuta kwa kiganja, mimi nikapiga goti langu, na Wakonyo alikuwa akicheka mpaka akaweka birika chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu ile amri ibandikwe mlangoni pake.

Katikati ya vurugu hiyo akaja dada mmoja na mahindi kwenye ndoo, mtoto mgongoni. Alisema anaitwa Nafuna, amehamia ile ghorofa wiki iliyopita, na kwani leo wanasaga?

— Tunasaga leo, kesho na siku zote! akajibu Wakonyo. Mami, hebu nisomee hii barua. Loya alinielezea haraka, nikasikia tu pale pa kushinda.

Nafuna akaisoma kwanza kimya, midomo ikisogea.

— Inasema loya wako aliomba wapime mara mbili. Mara ya kwanza mashine ikisaga, mara ya pili ikiwa imezimwa. Walisimama pale kwa gate yetu. Mara zote mbili kelele ilipita kiwango, na tofauti ilikuwa kidogo sana. Kwa hivyo hakuna ushahidi kelele inatoka kwa mashine yako.

— Hapo sasa! akasema Supreme. Si ndiyo nilikuwa nasema?

— Pongezi, mama, akasema Nafuna, akampa mkono Wakonyo na kumrudishia barua yake. Kisha akatazama huku na huku, kwenye ukuta, barabarani, na mwisho kwenye benchi.

— Lakini wazee, kama mashine ilikuwa imezimwa, hiyo kelele ingine ilikuwa ya nini?

Spika, bado amesimama juu ya benchi, akashuka taratibu. Fulstop alichungulia ndani ya kikombe chake. Supreme, mwenye sheria zote, alianza kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mimi niliikumbuka siku hiyo ya kupimwa. Tulikuwa tukibishana tangu asubuhi kama nyanya ni tunda au ni mboga, na mashine ilipozimwa tulishukuru kwamba sasa tutasikizana.

Wakonyo alitutazama mmoja mmoja, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika. Akainua birika na kutuuliza kwa sauti ya kanisani ni nani anaongezwa. Tukanyoosha vikombe, wote wanne, tukiangalia visigongane.