Chanjo Bila Barafu

Ndugu zangu, mama zangu, asanteni kwa kuniita mbele, ingawa nadhani mmekosea mtu. Juma lililopita dada mmoja alisimama hapa akasimulia alivyoinuka, tukampigia makofi mpaka vumbi likatoka kwenye madirisha. Mimi sina mwisho wa namna hiyo. Mkiona nimenyamaza na bado mnasubiri kupiga makofi, jueni ndipo panapoishia.

Hapa tulipo sote tumezika watoto, kwa hiyo sitaeleza sana jinsi inavyouma. Nitaeleza jinsi ilivyotokea, na majina nitayaacha nyumbani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya themanini. Mnaikumbuka. Sabuni ilikuwa habari, sukari ilikuwa sherehe, na mafuta ya taa tulikuwa tunayasikia tu. Nilikuwa mratibu wa elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja kati ya Karatu na Oldeani. Nilikuwa na shahada ya historia na suruali moja iliyopigwa pasi. Kijijini vyote viwili viliheshimiwa, hasa suruali. Nyumbani nilikuwa na mke, binti wa miaka minne, na kijana wetu aliyekuwa bado ananyonya.

Surua ikaingia kiangazi kile. Ukipita asubuhi ulisikia kilio bondeni, jioni ulikisikia mlimani. Ikatoka amri: watoto wote wenye umri wa kuchanjwa waletwe uwanja wa ofisi ya kijiji siku iliyopangwa. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema, "Nyumba itakayoficha mtoto haipati sukari wala sabuni dukani. Na mgambo ataifuata." Halafu akanigeukia. "Sasa mtaalamu atawaeleza faida."

Nikaeleza. Nilisema mwili unafundishwa kuujua ugonjwa kabla haujaja, kama mwanafunzi anayepewa mtihani wa majaribio. Jirani yangu mmoja, mfugaji na mkulima wa ngano, akasimama.

"Mwalimu, mliniambia nipeleke ng'ombe josho, nikapeleka. Dawa ikaisha, mkawaogesha maji matupu, wakafa na kupe wao. Sasa huyu mtoto akifa nitamdai nani?"

"Serikali!" mtu akadakia kutoka nyuma.

"Serikali inakaa nyumba gani?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mzee wangu, mtoto si ng'ombe."

"Ndiyo maana nauliza."

Wakacheka zaidi. Hapo nikatoa maneno niliyokuwa nimeyatengeneza tangu asubuhi, kwamba uhuru wa baba unaishia pale inapoanzia pumzi ya mtoto. Nawaambia ukweli, ndugu zangu, bado naamini maneno yale ni sahihi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kabla ya siku ya chanjo kufika, kitinda mimba wa jirani yule alikufa kwa surua. Nyumba yake ikajifunga. Mnajua kwetu Wairaqw: nyumba iliyopatwa na jambo kama hilo hukaa peke yake, haichoti maji pamoja na wengine, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa jirani, mgeni haingii, mpaka muda wake upite. Wazee wanaita metimani. Katika madarasa yangu ya jioni nilikuwa naliweka jambo hilo kwenye orodha ya mila za kuachwa, katikati ya kuoga mara chache na kuogopa bundi.

Siku ikafika. Mgambo akaenda kuitoa nyumba ile iliyojifunga. Nikawaona wanakuja, yule mama kajifunika mpaka usoni, mgongoni amebeba mtoto aliyebaki, macho ya mtoto mekundu, sikujua kwa kilio au kwa ugonjwa. Watu wakaanza kurudi nyuma. Nikamfuata mwenyekiti.

"Hao warudishe. Wana ugonjwa ndani."

"Msomi, amri ni ya wote. Si wewe uliyetuambia?"

"Nilisema wachanjwe. Sikusema wakokotwe."

"Basi kaandike tofauti yake, tutasoma kesho."

Wakapangwa kwenye mstari pamoja na wengine. Binti yangu alikuwa amechomwa mwanzo kabisa, maana niliona baba yake ndiye msemaji, yeye awe mfano. Hakulia. Alimwuliza nesi kama anaweza kuondoka na ile pamba, akapewa, akaizungusha uwanja mzima akiwaonyesha wenzake.

Wiki ya pili akaanza homa. Macho yakawa mekundu, vipele vikatoka, halafu kifua kikabana. Tulimpeleka Karatu kwa trekta la shamba la kahawa. Tulirudi naye amefunikwa kitenge cha mama yake.

Sijui aliupata wapi. Surua ilikuwa kila mahali, na siwezi kusimama hapa niseme ni kwenye mstari ule. Lakini watoto wengi waliochanjwa siku ile waliugua kama ambao hawakuchanjwa, na kijiji hakikuhitaji shahada ili kufikia jibu lake: sindano ndiyo iliyoleta. Dukani mtu mmoja aliniambia, bila hata ukali, "Mwalimu, mtihani wako wa majaribio umefaulu." Nikalipa chumvi, nikaondoka.

Mke wangu akaifunga nyumba yetu. Hakuniuliza. Sikubisha. Mimi mwenye orodha ya mila za kuachwa nikakaa ndani ya uzio, sisalimii mtu wala kusalimiwa, na niwaambie, ilikuwa nafuu. Hakuna aliyekuja kunieleza kwamba Mungu ana makusudi yake. Kitu pekee kilichofika kilikuwa kuni. Kila baada ya muda tulikuta mzigo wa kuni nje ya uzio. Baadaye nilijua zilitoka kwa jirani yule aliyekokotwa na mgambo.

Kijana wetu alikuwa anakaribia umri wa kuchanjwa, na surua ilikuwa haijaondoka. Mke wangu aliniambia mara moja tu: "Huyu hachomwi na mtu." Mimi nilijua chanjo inaokoa. Nilijua pia nimeshawahi kulijua hilo kwa sauti kubwa, na limetufikisha wapi. Nilikuwa namtazama mtoto akinyonya, najiambia leo nitasema na mama yake. Jua linazama, sijasema.

Ndipo nesi akaja. Yule yule. Alikuja peke yake, kisanduku begani, akasimama nje ya uzio. Hakuingia. Akapaza sauti.

"Mama, nimekuja kusema neno, halafu niondoke."

Nesi akaendelea. Alisema chanjo ya surua isipokaa kwenye baridi inakufa. Alisema friji ya zahanati inatumia mafuta ya taa, na mafuta yalikuwa yamekwisha kabla ya siku ile. Alitoa taarifa. Akaambiwa siku imeshatangazwa, wageni wa wilaya wako njiani, achome hivyo hivyo.

"Ile haikuwaletea watoto ugonjwa," alisema. "Ila haikuwakinga. Ilikuwa kama maji."

Mke wangu akatoka mpaka kwenye uzio, mtoto kiunoni.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamchoma mwanangu, ukampa na pamba."

"Ndiyo, mama."

Nilidhani atampiga. Nesi naye nadhani alidhani hivyo, maana alikiweka kisanduku chini. Mke wangu akasema, "Nionyeshe barafu."

Nesi akafungua. Barafu ilikuwa imeletwa asubuhi hiyo kutoka Karatu. Mke wangu akaingiza mkono, akauacha humo. Akauacha mpaka nikaona uso wake umebadilika kwa maumivu, na bado hakuutoa. Halafu akautoa, akaupangusa kwenye kanga, akampitisha mtoto juu ya uzio.

"Mchome. Ukimaliza usije tena kwangu."

Nesi akamchoma. Hakuja tena.

Hapo ndipo, kama kuna mahali, nilipoanza kuinuka. Kijana yule alipitiwa na surua ya mwaka uliofuata, ikamwacha bila hata kipele. Lakini nisiwadanganye. Muda wetu wa kujifunga ulipokwisha nilienda mkutanoni nikayasema yale ya friji. Niliambiwa nachochea wananchi, na kazi ya uratibu akapewa mwingine. Nesi alihamishiwa Digodigo, mbali na kila mtu, na barabara mnaijua. Chanjo ilipotangazwa tena, mgambo walikuta nyumba tupu. Watu walikuwa wamekimbilia msitu wa Ngorongoro na watoto wao. Safari ile barafu ilikuwepo, chanjo nzima, nzuri, na walioihitaji hawakuwepo. Surua iliyomruka mwanangu haikuwaruka wale wa msituni. Tulizika tena. Jirani yangu alizika yule aliyekuwa amebaki.

Nawashukuru, basi. Namshukuru jirani yule kwa kuni. Namshukuru nesi aliyesema neno ambalo halikumsaidia kitu yeye mwenyewe. Nawashukuru ninyi mnaonisikiliza bila kunifariji.

Na funzo, kwa kuwa mnalidai. Mtu akiniuliza kama ni haki kumlazimisha mzazi, zamani nilikuwa na jibu lenye mizani nzuri. Sasa nasema hivi: dawa ile inafanya kazi, nimeiona kwa mtoto wangu aliye hai. Lakini wanaoishika wakituficha kitu kimoja, hata fimbo haitatosha kuturudisha. Jumanne wanachanja hapa Karatu. Wapelekeni watoto. Kabla hawajachomwa, ombeni kuonyeshwa barafu. Mkifokewa, ombeni tena, na msiondoke.

Mama wa watoto wangu nilimwomba aje leo tuseme pamoja. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinua kichwa. Alisema, "Nenda wewe. Wewe ndiye una maneno."

Ni hayo tu.